Mama mwenzangu, usingoje upungue ndipo uingie majini

SEHEMU YA 1



"Nesi, ngoja kwanza nipungue kidogo, ndio nitaanza kuogelea." Kauli hii naisikia sana kwa wamama tukimaliza kupima presha na uzito, na leo nataka tuizungumze mpaka tuelewane. Kwa maoni yangu imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Ni kama mtu aseme ngoja nipone kwanza, ndio nimeze dawa. Mwili mzito, magoti yanayouma, pumzi inayokata ukipanda ngazi mbili tu, hizo ndizo sababu za kuingia majini.

Sikia hesabu hii. Ukisimama kwenye maji yanayofika kiunoni, maji yanabeba karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, miguu inabaki na theluthi hivi, pengine pungufu. Yakifika shingoni, inabaki sehemu moja tu kati ya kumi. Kwa hiyo mama mwenye kilo 90, akiwa na maji ya kiunoni, magoti yake yanabeba kama kilo 45. Mara ya mwisho kuwa na kilo 45 ulikuwa darasa la ngapi? Ndiyo maana mama ambaye hawezi kukimbia hata kutoka stendi hadi sokoni anaweza kutembea ndani ya maji nusu saa nzima, na kesho yake goti halijavimba.

Nasema hivi kwa sababu ushauri tunaowapa sisi watu wa afya mara nyingi ni mfupi mno. Mama anapimwa, presha 150 kwa 95, anaambiwa "punguza uzito, fanya mazoezi", anapewa dawa na tarehe ya kurudi. Mazoezi gani? Hasemi mtu. Basi anaamka siku moja alfajiri, anavaa raba za mwanae wa sekondari, anakimbia kwenye vilima vyetu hivi vya Tarime. Siku ya tatu goti limevimba, ya nne amelala. Akirudi kliniki anatuambia mazoezi hayamfai. Mazoezi yanamfaa, alichoanza nacho ndicho hakikumfaa.

Najua kuna wa vijijini atakayesema, nesi, mimi nalima, nachota maji, natembea kilomita ngapi, huko kuogelea kwa nini? Ni kweli. Ukishika jembe asubuhi hadi saa sita, moyo wako umefanya kazi, na hata Shirika la Afya Duniani linahesabu kazi za mikono kuwa mazoezi. Ujumbe huu unamlenga zaidi mama wa mjini: mwenye duka anayekaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi, mwalimu, karani, fundi cherehani, mke anayepelekwa kila mahali kwa bodaboda. Sisi manesi pia tumo humo, usituone tumevaa nyeupe. Wanaotakiwa na shirika hilo ni watu wazima wote kupata angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Gawanya mwenyewe: nusu saa, siku tano. Ukipata siku mbili za majini, siku nyingine tatu tembea kwa haraka.

Na kabla hatujaendelea, niwatoe kwenye uongo wa mitandaoni. Kuogelea hakukati tumbo kwa siku 14. Hakuna zoezi linalochagua tumbo peke yake likaacha mapaja. Tena kuogelea kuna njaa yake. Ukitoka majini unajisikia kula ng'ombe mzima. Ukitoka hapo ukapitia sambusa mbili na soda, ulichochoma kimerudi hata nguo hazijakauka. Faida utakayoiona mapema ni nyingine kabisa: usingizi, pumzi, mgongo kutulia, presha kuanza kusikia dawa. Uzito utafuata taratibu, na utafuata zaidi kama sahani nayo imebadilika. Ugali wetu wa mtama na muhogo hauna ubaya, tatizo ni mlima wenyewe.

SEHEMU YA 2

Sasa wapi? Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu naogopa mtu asome sehemu ya kwanza halafu aende mtoni.

Ninaposema kuogelea namaanisha bwawa la kuogelea. La kujengwa, lenye maji yanayosafishwa na kuwekwa dawa, ambalo unaona sakafu yake. Simaanishi Mto Mara. Wa Serengeti mnaujua mto ule, mnajua mamba walivyo, na wageni wanalipa pesa nyingi kuja kuwaona wakiwasubiri nyumbu wanaovuka. Mamba hajui kwamba wewe hukuja kuhama, umekuja kupunguza kilo. Na ukishashuka kwenye vinamasi huko chini kuelekea daraja la Kirumi, kiboko naye yupo. Hapo hakuna mjadala.

Simaanishi lambo la ng'ombe pia. Simaanishi mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, yale yanayojaa maji wakati wa masika yakaonekana kama bwawa zuri la bluu. Kingo zake zinateleza, kina chake hakijulikani, na aliyeingia hapandi.

Ziwa je? Wengi mkienda Musoma kusalimia ndugu mnaona watu ufukweni wanaogelea, mnatamani. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vyake vinakua ndani ya konokono wadogo wa majini, vinatoka, vinaogelea, vinaingia mwilini kupitia ngozi nzima isiyo na kidonda. Havihitaji umeze maji. Vinahitaji dakika chache tu za wewe kusimama pale kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, yaani pale pale ambapo asiyejua kuogelea angependa kuanzia. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Kichocho cha huku ziwani kwa kawaida ni kile cha tumbo. Kinaanza polepole, kuhara kwa vipindi, damu kwenye choo, baadaye ini na bandama vinaumia, tumbo linajaa maji. Kipo na kingine cha njia ya mkojo, mtu anakojoa damu, na hicho kinaweza kumwachia mwanamke vidonda ndani ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Nataka mkielewe hiki hasa, kwa sababu dalili zake zinafanana na magonjwa ya zinaa: uchafu, maumivu wakati wa tendo, damu isiyo ya hedhi. Mwanamke anatibiwa kisonono mara tatu, haponi, nyumbani ameshaanza kuulizwa alikuwa na nani. Kumbe utotoni alikuwa anachota maji na kufua mahali penye konokono. Kama umekulia karibu na ziwa au lambo na una dalili hizo zisizoisha, mwambie mhudumu kwa sauti kwamba umekulia huko. Neno hilo moja linaweza kubadilisha matibabu yote, na likaokoa ndoa.

Dawa ipo, inaitwa praziquantel, ndiyo ile watoto wanayopewa shuleni kwenye kingatiba. Wewe mtu mzima mara nyingi unarukwa kwenye zoezi hilo, kwa hiyo ulizia kituoni. Ila usiingie ziwani leo ukaja kupima kesho. Mayai yanachukua wiki sita, nane, hata zaidi kuonekana kwenye kipimo. Mjamzito sema kwamba una mimba kabla hujameza chochote.

Bwawa nalo lina vipimo vyake na huhitaji maabara. Simama ukingoni, tazama chini pale penye kina kirefu zaidi. Kama huoni sakafu, ondoka, maji hayo ni machafu na mtu akizama hapo hakuna atakayemwona. Kama harufu ya dawa inakuchoma pua na macho, watu wengi wanadhani ndio usafi. Kinyume chake, harufu ile kali hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa watu. Bwawa safi halinuki sana.

SEHEMU YA 3

Nani apite kituoni kwanza? Hii nitapita haraka, lakini usiiruke.

Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi asianze zoezi lolote mpaka presha ishuke kwa dawa. Mwenye maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, au kuvimba miguu, apimwe kwanza. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide, sukari inaweza kushuka ghafla akiwa majini: pima kabla, kula kidogo, na pipi iwe ukingoni, isiwe garini. Mwenye pumu aje na pampu yake. Mwenye kifafa asiingie majini peke yake hata siku moja, hata kama mara ya mwisho alianguka mwaka juzi. Mwenye kidonda kibichi, sikio linalotoa usaha, au kuhara, asubiri apone, kwa faida yake na ya wenzake.

Haya, sasa wazazi. Maswali mengi mliyonitumia yanatoka hapa.

Mjamzito ambaye mimba yake haina shida anaruhusiwa kuogelea, na wengi wanafurahi kwa sababu mgongo unapumzika. Kwenye bwawa safi, taratibu, bila kupiga mbizi wala kuruka. Ukiona damu, maji kutoka, kizunguzungu, au mtoto kupunguza kucheza, toka na njoo hospitali siku hiyo hiyo. Ukiambiwa una kondo la nyuma lililokaa njiani au una kifafa cha mimba, basi mambo ya bwawa yaache mpaka ujifungue.

Uliyejifungua kawaida, subiri mpaka damu ya uzazi imekata kabisa na mshono kama upo umepona. Tumia ile hudhurio la siku 42 kuuliza. Uliyefanyiwa upasuaji usihesabu wiki tu ukasema sita zimeisha. Kidonda cha nje kinaweza kuonekana kimefunga wakati ndani bado kunajiunga. Kionyeshe kwanza. Na kama ukicheka au kukohoa mkojo unatoka, usione aibu, ni jambo la kawaida na linatibika. Anza kubana ile misuli unayoitumia kuzuia mkojo, hesabu tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kufanya ukiwa unasonga ugali, hakuna atakayejua.

Halafu hili la maziwa. Mama mkwe anasema ukiingia kwenye maji baridi maziwa yanapoa, mtoto ataharisha. Mama zetu tunawaheshimu, wametulea, lakini hapa hapana. Maziwa yapo ndani ya mwili wako na yana joto la mwili wako, hata ukioga na barafu. Mnyonyeshe mtoto kabla hujaingia ili matiti yasiwe mazito, ukitoka jisuuze dawa ya bwawa kifuani, kunywa maji, nyonyesha. Kinachoharisha mtoto ni chuchu ya chupa isiyochemshwa.

SEHEMU YA 4

Siku ya kwanza. Mavazi: huhitaji kile kivazi unachokiona kwenye filamu. Legingi na tisheti ya kubana, ya nailoni, inatosha na inasitiri. Zipo pia nguo maalumu zinazofunika kuanzia kichwani mpaka kifundo cha mguu, wanavaa sana wenzetu wa pwani. Kisichofaa ni khanga, gauni refu au tisheti pana ya pamba, kwa sababu vinanyonya maji, vinakuwa vizito, na khanga inajizungusha miguuni. Pedi haifanyi kazi majini, inajaa maji tu. Anayetumia kikombe cha hedhi aendelee nacho, wengine subirini siku ziishe. Rasta na nywele za bei mbaya, vaa kofia ya plastiki.

Saa: asubuhi ya Tarime unaijua mwenyewe. Maji ya bwawa lisilopashwa moto saa moja asubuhi yatakukata pumzi kweli kweli, na baridi ya ghafla inapandisha presha na kumfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka. Nenda saa tano, saa sita, au alasiri. Keti ukingoni, miguu ndani, jimwagie maji kifuani na usoni, ndipo ushuke taratibu kwa ngazi.

Halafu usiogelee. Ndiyo, umenisikia. Siku ya kwanza tembea. Upande wa kina kifupi, maji kati ya kiuno na kifua, nenda na kurudi, mikono ikisukuma maji. Dakika tano, pumzika, tano tena. Wengi wanashangaa jinsi mapigo yanavyopanda kwa kutembea tu. Kipimo chako ni mdomo wako: kama unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima ila huwezi kumwimbia, upo pazuri. Kama huwezi hata kumaliza jina lake, simama.

Kabla hujatoka, shika ukingo, vuta hewa kwa mdomo, ingiza uso majini, toa hewa polepole kwa pua na mdomo mpaka mapovu yaishe. Inuka. Rudia. Zoezi hili linaonekana la kitoto na watoto wa hoteli watakucheka, lakini ndilo lenyewe. Ninavyoona mimi, mtu mzima anayejifunza kuogelea anachoka kwa sababu anabana pumzi. Amejaza hewa kifuani, shingo ameikaza, anapiga maji kama anapigana na mwizi, baada ya mita tano amekwisha, anajiambia "mimi sina pumzi". Pumzi anayo, hajaitoa tu. Ukijua kupuliza chini na kuvuta juu bila haraka, umeshajifunza nusu ya kazi.

Wiki ya pili na ya tatu, kuelea. Kwanza chali, mtu anayejua akiwa ameshika kichwa na mgongo wako. Hapa kuna habari njema kwa sisi wanene: mafuta yanaelea. Mwanaume mwembamba mwenye misuli migumu anazama miguu kwanza, wewe unapanda juu kama mtumbwi. Kitu ulichokuwa unakionea aibu ndicho kitakachokushikilia. Ukishaelea bila kuogopa, shika ukingo upige miguu, kisha jisukume kutoka ukutani uteleze, kisha mikono. Usiruke hatua kwa sababu wifi yako ameshafika ng'ambo.

Baada ya hapo ogelea kwa vipande. Upana mmoja wa bwawa, pumzika mpaka maneno yarudi, upana mwingine. Vinne siku ya kwanza vinatosha. Wiki ijayo sita. Usihesabu urefu wa bwawa, tena usiende upande wa kina kirefu mpaka uweze kuelea chali dakika mbili na kugeuka mwenyewe. Ukitoka, toka polepole, kaa, kwa sababu maji yalikuwa yamekubana miguu na damu ikishuka ghafla utaona kizunguzungu. Mwenye dawa za presha zaidi.

Na wale wanaoshindana kubana pumzi chini ya maji, acheni. Mtu anaweza kuzimia huko huko chini bila kupiga kelele, na walio juu wakadhani bado anacheza.

SEHEMU YA 5

Kuna sababu nyingine ya mama kujua maji ambayo haihusiani na kilo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na wanaokufa kwa kiwango cha juu kabisa ni watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Wengi kabisa ni wa nchi kama zetu. Wanazama kwenye ndoo, karo, kisima kisicho na mfuniko, lambo, shimo la tofali nyuma ya nyumba. Wanazama karibu na nyumbani, mtu mzima akiwa hatua chache tu. Wala hawapigi kelele kama kwenye filamu. Mtoto anayezama mdomo wake upo chini ya maji, atapigaje kelele? Kimya ndio dalili.

Mkoa wetu umekaa kando ya ziwa. Tunakumbuka MV Bukoba, Mei 21, 1996. Tunakumbuka MV Nyerere, Septemba 20, 2018, kilichopinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu 228 wakafa. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote, kivuko kikikugeukia hata bingwa anaweza kunaswa. Nasema tu kwamba tunapanda mitumbwi na vivuko, watoto wetu wanaenda likizo kwa bibi Rorya na Musoma, na bado kuogelea tunakuita mambo ya wazungu. Ziwa ni letu.

Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kuna mradi unaitwa Panje ambao umefundisha wasichana kuogelea, na wanaowafundisha wasichana ni wanawake wenyewe, ndani ya nguo zinazofunika mwili mzima. Huko nako kulikuwa na maneno kwamba msichana na bahari wapi na wapi. Kilichowavusha ni kuelewa kwamba stara inawezekana, na kwamba kisiwani msichana asiyejua maji yuko hatarini kila siku. Kama Nungwi imewezekana, Mugumu inashindikana nini?

Shirika linashauri watoto wafundishwe kuogelea na uokoaji wa msingi wakifika miaka sita hivi. Mdogo zaidi anaweza kucheza majini na wewe, ila sharti awe umbali wa mkono wako. Mkono, siyo macho. Simu iache kwenye mkoba. Maboya ya kuvaa mkononi ni vitu vya kuchezea, hayazuii mtu kuzama.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, tafadhali, usimning'inize kichwa chini, usimzungushe, usimkamue tumbo kutoa maji. Nimewaona walioletwa baada ya dakika nyingi za kukamuliwa. Muda ule ndio uliokuwa wa kumpa hewa. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi mbili hadi tano mpaka uone kifua kinapanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, endelea hivyo huku mwingine anatafuta usafiri. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hata akizinduka na kulia, mlete hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kusumbua saa chache baadaye. Na kama anayezama bado yupo majini na wewe hujui kuogelea, usimfuate. Mrushie dumu tupu lililofungwa mfuniko, fimbo, kamba, khanga. Hapa ndipo khanga inafaa.

SEHEMU YA 6, NDIYO YA MWISHO

Tumebaki na pesa na aibu.

Pesa kwanza. Mabwawa kwetu ni ya hotelini na yanahesabika, na kiingilio cha mtu mmoja mmoja kinauma. Mama akipiga hesabu ya kiingilio mara mbili kwa wiki anaona mafuta ya kula na daftari za watoto. Sitawaambia eti afya haina bei, mwenye njaa nyumbani haambiwi hivyo. Ila angalieni bwawa hilo siku ya Jumanne saa tano asubuhi. Tupu. Maji yamewekwa dawa, pampu inazunguka, mhudumu anasinzia. Wateja ni Jumamosi na Jumapili. Sasa nyie wamama wa kikoba mko ishirini, mnakutana kila wiki, mnajua kubembeleza bei mpaka ya nyanya. Nendeni kumi kwa meneja, mwambieni mnataka Jumanne na Alhamisi saa tano hadi saa saba, kwa mwezi, kwa bei ya kikundi. Akikataa nendeni kwa mwenzake. Mkilipia kwa mfuko wa jamii wa kikoba au kuchangishana, kinachobaki ni nauli.

Muulize kabla ya kulipa: kina kifupi ni kiasi gani na kina kirefu ni kiasi gani? Nani anasimama ukingoni sisi tukiwa ndani, na yeye anajua kuogelea? Boya na mti mrefu wa kuokolea viko wapi? Mkikuta hakuna mwokoaji, gawaneni zamu, wawili wakae nje nguo kavu macho majini, wasichat. Mwalimu mkimpata mwanamke, vizuri sana. Mkimpata mwanaume mwenye heshima zake, awafundishe mkiwa wote, asibaki na mmoja.

Na hapa niseme kwa viongozi wetu wa halmashauri, najua mmo humu. Tumejenga stendi, tumejenga masoko, viwanja vya mpira vipo. Bwawa moja la umma, fupi, la maji ya kifuani, lenye siku za wanafunzi na siku za wamama, kwa Tarime na Mugumu, siyo anasa kwa mkoa wenye ziwa, mto na malambo. Mnalipa gharama za presha na za watoto waliozama kwa njia nyingine, tena bila risiti.

Aibu sasa. Najua maneno ya mtaani. "Mke wa fulani kaonekana hotelini na nguo za ndani." Na mumewe anaambiwa kwenye kahawa kabla hata hujafika nyumbani. Ndiyo maana nasema kikundi, nasema legingi na tisheti, nasema mchana kweupe, na nasema mwenyewe umwambie mapema baba watoto, asisikie kwa watu. Mura, na wewe unayesoma hapa kimya: mkeo amekuzalia, mgongo unamuuma, presha imepanda. Mpe nauli ya Jumanne. Ukiweza mbebe mtoto hiyo saa moja.

Ile aibu nyingine, ya tumbo na michirizi na mapaja kugusana, hiyo nimeikuta kwa karibu kila mwanamke niliyemhudumia, mnene na mwembamba, aliyezaa na asiyezaa. Sisi tunaona miili kila siku wodini, na niwaambie ukweli, mwili wa kwenye picha za simu sijawahi kumlaza kitandani. Ukishaingia maji ya kifuani hakuna anayeona kitu zaidi ya kichwa, na kila kichwa kina shughuli zake za kutokumeza maji.

Kikundi cha kwanza kitakachopata siku zake, niandikieni inbox. Nikiwa nje ya zamu nitakuja na mashine ya presha, tunapima kabla ya kuingia na tunaandika kwenye daftari. Njooni na ndala zisizoteleza, sakafu ya pembeni ya bwawa huwa mbaya.